Chunusi na Madoa Meusi Usoni: Kabla Hujakimbilia Mkorogo, Ijue Jeli ya Asidi ya Azelaiki

Leo ningependa tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu, hasa sisi wazazi, tunaliona dogo: chunusi, pamoja na yale madoa meusi yanayobaki usoni chunusi zikishapona. Nimechagua mada hii kwa sababu mimi mwenyewe nililiona dogo. Nesi mzima, niliyesomea Dar es Salaam na kisha nikarudi darasani upya hapa Toronto, nililidharau, na aliyelipia ni mtoto wa dada yangu.

Binti huyu tunaishi naye hapa Weston. Amenipa ruhusa niandike habari zake, ila jina lake nisilitaje. Mwaka 2023 alikuwa na miaka 17. Siku moja akanifuata jikoni akaniambia, "Mama mdogo, uso wangu unaharibika." Nikamtazama haraka haraka, nilikuwa najiandaa kwenda zamu ya usiku. Nikamjibu vile vile mama yangu alivyonijibu mimi zamani: "Ni ujana huo, zitaisha zenyewe." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Baada ya hapo akaacha kwaya. Akaanza kukaa na kofia ya jaketi kichwani hata ndani ya nyumba, nami nikadhani ni baridi. Picha hataki kupigwa. Mwezi wa kumi na moja akachukua hela zake za kulea watoto wa jirani, akaenda kwenye duka moja la vipodozi na nywele, akanunua kikopo kidogo cha krimu. Ndani ya siku kumi uso ukawa laini kama kioo. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamsifia: "Mwanangu, umetakata!" Hilo neno najuta hadi leo.

Kikopo kilipokwisha, mambo yakageuka. Uso ukawa unawaka moto, vipele vidogo vidogo mamia kuzunguka mdomo na pua, na yale madoa ya zamani yakawa meusi kuliko mwanzo. Nikakiomba kile kikopo. Hakina orodha ya viambato, hakina jina la kiwanda, kina picha ya ua tu na maneno ya kusifia uasilia. Daktari alipomwona alisema uso unafanya kile ambacho uso hufanya ukizoeshwa steroidi kali kisha ukanyimwa ghafla. Ndipo tukaandikiwa jeli ninayotaka kuwaeleza leo.

Lakini kwanza tuelewane doa ni nini, maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Chunusi inaanza pale kishimo cha unywele kinapozibwa na mafuta na ngozi iliyokufa. Bakteria wanaoishi humo wanaongezeka, mwili unapambana nao, panavimba na kuuma. Ngozi yetu sisi watu weusi ina chembe za kutengeneza rangi zilizo hodari sana. Zikichokozwa na uvimbe huo zinamwaga rangi kupita kiasi, na rangi hiyo inabaki pale wiki au miezi baada ya chunusi kupona. Hilo ndilo doa. Siyo uchafu, na kwa kawaida siyo kovu. Ukipitisha kidole hulisikii, ni rangi tu. Kovu lenyewe lina shimo au kinundu.

Kwa hiyo anayehangaika na madoa huku chunusi mpya zinaendelea kutoka ni sawa na mtu anayefuta masizi ukutani huku jiko la kuni linafuka moshi. Lazima moto uzimwe. Wengi wa wanaokuja kuniuliza wanataka dawa ya madoa peke yake, na ukiwaangalia kwenye taya unakuta vipele vitano vibichi.

Asidi ya azelaiki inafanya kazi zote mbili, na hiyo ndiyo sababu naipenda kwa watu wetu. Inapunguza wale bakteria, inazuia vishimo visizibike, inatuliza uvimbe, na wakati huo huo inakizuia kimeng'enya ambacho chembe za rangi hukitumia kutengenezea weusi. Tena inazielekea zaidi zile chembe zilizochachamaa, zile zilizotulia inaziacha. Ndiyo maana doa linafifia bila uso mzima kubadilika rangi. Anayetafuta weupe asihangaike nayo, haina kazi hiyo.

Neno "asidi" lisiwatishe mkafikiri ni ile ya betri. Asidi hii imo kwa asili kwenye nafaka kama ngano, shayiri na rai. Na historia yake itawachekesha. Mnaukumbuka utangotango, wengine huuita mba, yale mabaka mepesi ya mviringo kifuani na mgongoni ambayo kwetu kila mtoto wa bweni aliwahi kuyapata? Yanaletwa na fangasi mdogo anayeishi juu ya ngozi ya karibu kila mtu. Watafiti wa Roma, Italia, kwenye miaka ya 1970, walikuwa wanajiuliza kwa nini mabaka yale yanakuwa mepesi kuliko ngozi inayoyazunguka. Wakagundua kwamba fangasi yule anaweza kutengeneza asidi ya azelaiki. Wakaijaribu kwenye matatizo ya weusi wa ngozi, na katika kuitumia ikaonekana chunusi nazo zinapungua. Yaani ule utangotango tuliokuwa tukiusugua kwa majani na ndimu ndio uliotupa dawa hii.

Dawa hupatikana hasa kwa namna mbili: jeli ya asilimia 15 na krimu ya asilimia 20. Hapa Kanada inayojulikana zaidi ni jeli ya 15, jina lake Finacea. Ukifungua karatasi iliyomo ndani ya boksi utakuta wanazungumzia ugonjwa mwingine, rosasea, wekundu na vipele vya usoni ambao husemwa zaidi kwa Wazungu. Binti yetu aliposoma akanijia mbio, "Mama mdogo, wamenipa dawa ya mtu mwingine!" Hapana. Ndiyo matumizi ambayo jeli iliidhinishiwa hapa, lakini madaktari huiandika kwa chunusi pia, na Ulaya jeli hiyo hiyo imeidhinishwa kwa yote mawili. Kuna pia ya asilimia 10 inayouzwa bila cheti cha daktari. Mojawapo inatengenezwa na kampuni ya hapa hapa Toronto, Deciem, kwa jina la The Ordinary. Ina nguvu ndogo zaidi, ila kwa mwenye vipele vichache siyo mahali pabaya pa kuanzia.

Sasa matumizi. Hapa naomba msome taratibu, maana dawa hii inashindwa kwa wengi kwa sababu ya kutumiwa vibaya tu.

Osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato. Dodoki weka pembeni, na kipande cha kitambaa cha kusugulia vile vile. Najua tumelelewa kuamini kwamba kusugua ndiko kutakata, na ndugu zangu wa Unguja na Mombasa watanitajia singo. Singo ni nzuri kwa mwili wa bibi harusi, lakini kwenye uso wenye chunusi kila msuguo ni doa jipya. Futa kwa kugandamiza taulo polepole, kisha subiri kama dakika kumi mpaka ngozi ikauke kabisa. Jeli kwenye ngozi yenye maji inawasha zaidi.

Chukua kiasi cha punje ya njegere, kinatosha uso mzima. Paka sehemu yote inayopata chunusi, siyo kudonoa kipele kimoja kimoja, kwa sababu unazuia na zile ambazo bado hazijatoka. Epuka macho, midomo na ndani ya pua. Ikishanyonywa, paka losheni yako. Maelekezo ya kawaida ni mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, lakini kwa ngozi zetu mimi hushauri mtu aanze usiku tu, hata siku moja ndiyo siku moja hapana, kwa wiki mbili za mwanzo. Kisha apande polepole. Ngozi ikiwaka kweli kweli na kubabuka, nako ni uvimbe, na uvimbe unaleta doa. Hutaki dawa ya madoa ikuletee madoa.

Itawasha. Semeni nimewaambia. Kwa wengi ni mwasho au mchomo mdogo wa dakika kumi, ishirini, kama umetembewa na sisimizi, na huisha wenyewe. Baada ya wiki kadhaa ngozi huzoea. Ukipata malengelenge, uvimbe wa macho au midomo, au wekundu usioisha, acha na umwone daktari. Wenye pumu wamweleze daktari kabla ya kuanza, kwani zimewahi kutolewa taarifa chache za pumu kuzidi. Vile vile zipo taarifa chache za ngozi nyeusi kufifia rangi kupita ilivyotakiwa mahali palipopakwa, kwa hiyo jitazame kwenye mwanga wa dirisha kila wiki. Ukiona baka jepesi linaanza, simamisha uulize.

Asubuhi, losheni ya kukinga jua, ya nguvu ya 30 au zaidi. Nasikia mnaguna: "Jua gani Toronto mwezi wa pili?" Jua lipo, na theluji inalirudisha usoni kama kioo. Bila kinga, unachokifuta usiku jua linakichora tena mchana. Kwa madoa yetu, zile zenye rangi ya ngozi, zilizotiwa madini ya chuma, zinasaidia zaidi ya zile nyeupe, kwa kuwa zinakinga hata ule mwanga wa kawaida unaoonekana. Na hazitakuacha uso wa majivu kwenye picha.

Jambo jingine ni mafuta. Huku, joto la nyumba wakati wa baridi linakausha ngozi, nasi tunajibu kwa kupaka usoni kila tulichonacho: mafuta ya nazi, mafuta mazito ya nywele yanayoteremka kwenye paji la uso, jeli ya kulaza nywele za pembeni. Angalieni watu wengi wenye vipele kwenye paji la uso tu, ulizeni wanapaka nini kichwani. Chagua losheni nyepesi ambayo kwenye chupa wameandika kwamba haizibi vishimo vya ngozi. Ndimu na dawa ya meno nazo ziacheni. Nimezitumia zote mbili nikiwa mwanafunzi wa unesi, kwa hiyo sina wa kumcheka.

Sasa muda, na hapa ndipo mkorogo unapotushinda. Mkorogo unaonyesha matokeo ndani ya wiki. Jeli hii haifanyi hivyo. Chunusi huanza kupungua baada ya kama wiki nne, unafuu wa kueleweka ni wiki ya nane hadi kumi na mbili, na madoa huchukua miezi mitatu, minne, hata sita. Binti yetu alianza Januari 2024, baada ya daktari kumwachisha kabisa ile krimu na kuipa ngozi muda wa kutulia. Wiki ya tatu alinirushia tyubu: "Haifanyi kitu!" Nikamwambia tupige picha pale pale dirishani, kila Jumapili, tusizitazame mpaka mwezi uishe. Wiki ya sita tulipoziweka pamoja ndipo alipoona taya la kulia limetulia. Kioo cha kila siku hakiwezi kukuonyesha badiliko la polepole, picha zinaweza. Mwezi wa nne alirudi kwaya. Mwezi wa sita alipiga picha ya kumaliza sekondari bila kofia, ingawa madoa mawili matatu kidevuni yapo hadi leo, pale krimu ile ilipomkaa sana.

Kuhusu mkorogo nisizunguke. Vinavyochanganywa humo mara nyingi ni vitatu. Steroidi, ambayo inafanya ngozi iwe nyembamba, ilete michirizi, vipele na hata vidonda vinavyochelewa kupona. Haidrokwinoni, ambayo daktari anaweza kuiandika kwa muda mfupi akikufuatilia, lakini ukijipakia mwenyewe kwa miaka inaweza kukuletea weusi wa kibuluu mashavuni ambao kuuondoa ni kazi kubwa. Na zebaki, ambayo inaharibu figo, tena inahamia kwa mtoto unayemkumbatia na kwenye mto mnaolalia. Tanzania ilishapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni miaka mingi iliyopita, Rwanda kuanzia mwishoni mwa 2018 walipita madukani kuvikamata, na Health Canada hutoa maonyo mara kwa mara kuhusu krimu za aina hii zinazouzwa bila idhini. Bado zinapita kwenye masanduku ya ndugu kutoka Kariakoo na Dubai, nasi tunazipokea kama zawadi. Kama kopo halina orodha ya viambato, usilipake. Na kama umeshatumia krimu kali kwa miezi, usiache ghafla kwa aibu ukajificha nyumbani. Nenda na kopo lenyewe kwa daktari. Hatutakugombeza, tumeshaona mengi.

Kwa walio hapa Weston na jirani zake: anayeandika dawa si lazima awe daktari wa ngozi, ambaye foleni yake inaweza kuwa ya miezi. Daktari wa familia anatosha, au kliniki za kuingia bila miadi. Tena tangu tarehe 1 Oktoba 2023, wafamasia wa Ontario wameruhusiwa kuhudumia chunusi za kiwango kidogo, kwa hiyo unaweza kuanzia dukani kwenye kaunta ya dawa na kadi yako ya OHIP. Mfamasia atakuambia anachoweza kukuandikia yeye na kile kinachohitaji daktari. Wasio na OHIP, vituo vya afya vya jamii kama Unison pale Jane na Trethewey vimezoea kuwapokea watu wa hali zote, pigeni simu kwanza. Au piga 811 usiku wa manane ukitaka, utaongea na nesi bila malipo, na unaweza kuomba mkalimani. Kumbukeni OHIP inalipa kumwona daktari, hailipi dawa kwa kila mtu. Ulizeni bei kabla haijatayarishwa, na kama kazini mna bima ya dawa, ulizeni kama jeli hii imo. Walio chini ya miaka 25 wasiokuwa na bima binafsi waulize kuhusu OHIP+. Tyubu moja, ukipaka punje ya njegere, inakaa muda mrefu kuliko unavyofikiri.

Kina mama wajawazito wananiuliza sana. Asidi ya azelaiki ni miongoni mwa dawa chache za chunusi ambazo madaktari hukubali zitumike wakati wa mimba, kwa sababu kinachoingia mwilini kupitia ngozi ni kidogo sana. Hata hivyo mwambie daktari au mkunga wako. Zile krimu za jamii ya vitamini A huachwa wakati huo, na vidonge vya isotretinoini ni hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Usimeze vya rafiki yako hata siku moja.

Jeli peke yake haitoshi kwa kila mtu. Uvimbe mkubwa wa ndani unaouma na kuacha mashimo, chunusi za mgongo mzima, au mwanamke mwenye chunusi kidevuni pamoja na hedhi inayoruka na ndevu zinazoota: hao wamwone daktari mapema, kuna vipimo na dawa nyingine. Na mtoto akikwambia uso wake unaharibika, kaa chini umtazame vizuri, hata kama basi la 89 linakuacha. Mimi ningempata zamu ile nyingine.

La mwisho ni la kina baba. Hivi karibuni tyubu ya binti ilianza kuisha haraka kuliko kawaida. Kumbe mzee wa nyumba anaichota kimya kimya kwa vile vipele na weusi wa shingoni anaoupata akinyoa ndevu. Inaweza kweli kusaidia, pamoja na kuacha kunyoa kwa wembe unaokata chini sana. Lakini dawa ya cheti ni ya mwenye cheti. Nimemwambia aende kwa daktari akaandikiwe ya kwake, na miadi yake ni Alhamisi.